Deni la Chuo na Mshahara wa Mwanasosholojia: Hesabu ya Pwani ya Kusini

Familia ya Kona ya Musa, huko Diani, Kaunti ya Kwale, katika pwani ya kusini ya Kenya, ambayo mtoto wake amepata alama ya C+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, na ambaye ameitwa chuo kikuu kusomea shahada ya sosholojia, hukabiliwa na swali ambalo wazazi wa vizazi vilivyotangulia hawakuulizwa kwa ukali kama wa leo, nalo ni kama deni atakalotoka nalo chuoni litalipika kwa kipato ambacho shahada hiyo huleta. Mabarazani swali hilo hujibiwa upesi, ama na yule anayeshikilia kuwa sosholojia haina kazi, ama na yule anayeshikilia kuwa elimu haina hasara, na kwa kawaida hakuna kati yao aliyeshika kalamu akajumlisha. Hesabu ikipigwa kwa utulivu huonyesha kwamba deni lenyewe si kubwa kupita kiasi, na mshahara, pale unapokuwapo, si mdogo kiasi cha kushindwa kulibeba; ugumu uko katika majira, kwa sababu deni hufuata kalenda ya mwezi hadi mwezi, ilhali kazi za msomi wa jamii katika pwani ya kusini hufuata miradi, ambayo huja na kuondoka.

Inafaa kueleza kwanza taaluma inayozungumziwa. Sosholojia ni elimu inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, yaani jinsi familia, dini, soko, tabaka na serikali vinavyojengwa, vinavyogawana mamlaka na vinavyobadilika, na ingawa jina lake lilitungwa na Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19, mengi ya maswali yake yalikuwa yamekwisha kuandikwa na Ibn Khaldun wa Tunis katika Muqaddimah, kitabu cha mwaka 1377 ambacho masheikh kadhaa wa pwani hukitaja kwa heshima pasipo kukihusisha na somo ambalo wajukuu wao wanaambiwa halina faida. Lililo muhimu kwa hesabu ya leo ni kwamba sosholojia, tofauti na udaktari, uuguzi au uwakili, haina leseni inayomfungia mhitimu nafasi yake. Hakuna kazi ambayo sheria inasema ni lazima ifanywe na mwanasosholojia, na kwa hiyo mhitimu huingia sokoni akishindana na waliosoma maendeleo ya jamii, saikolojia, utawala, na hata wale ambao hawakusoma chochote kati ya hayo ila wanajulikana na mwenye mradi. Shahada yake pekee haimpeleki hata darasani kufundisha, kwa kuwa Tume ya Huduma za Walimu husajili wale tu waliosomea ualimu.

Upande wa deni una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa mikopo ya elimu ya juu mwaka 1952 kwa ajili ya Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, kisha katika mwaka wa masomo wa 1974 na 1975 serikali huru ikaanzisha mpango wa kuwakopesha Wakenya waliosoma katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mpango ambao ulidorora kwa sababu urejeshaji wake haukuwa na mwenye kuusimamia kwa dhati. Baada ya serikali kuanza kuwatwisha wanafunzi sehemu ya karo mwaka 1991, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1995 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo kila mtu huiita HELB. Bodi hiyo ilipewa kazi mbili zinazovutana: kumkopesha asiye na uwezo, na kumfuatilia hadi alipe.

Kwa miaka mingi deni la mhitimu wa kawaida lilikuwa dogo, kwa vile karo ya mwanafunzi aliyeteuliwa na serikali ilikuwa ya chini na mkopo wa mwaka mzima haukuzidi shilingi 60,000. Hali ilibadilika tarehe 3 Mei 2023, Rais William Ruto alipotangaza mfumo mpya wa ufadhili, ambao humtaka kila mwanafunzi apangiwe mchanganyiko wa vitu vitatu: ufadhili usiolipwa, mkopo unaolipwa, na mchango wa familia, vyote vikikadiriwa kwa gharama halisi ya kozi na kwa kiwango cha umaskini wa nyumba anayotoka. Mwaka 2024 wanafunzi waligawanywa katika mafungu matano. Fungu la kwanza, la familia zenye uhitaji mkubwa zaidi, hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, huku familia ikibakiwa na asilimia 5. Fungu la tano, la wenye uwezo, hupewa ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na familia hubeba asilimia 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa kujikimu, yaani fedha za chakula, chumba na nauli, ambazo wanafunzi huziita bumu, na ambazo ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa fungu la kwanza na 40,000 kwa fungu la tano. Mfumo huu ulipingwa mahakamani; Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliutangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 20 Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo mwezi Machi 2025, na wanafunzi wakaendelea kukopeshwa kwa mfumo uleule.

Ichukuliwe sasa, kwa mfano tu, kozi ya sanaa ambayo gharama yake ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa fungu la kwanza atakopa 37,500 za karo na 60,000 za kujikimu, jumla 97,500 kwa mwaka, ambazo kwa miaka minne ni 390,000. Mwanafunzi wa fungu la tano atakopa 45,000 na 40,000, jumla 85,000, ambazo kwa miaka minne ni 340,000. Kwa maneno mengine, mtoto wa nyumba maskini zaidi hutoka chuoni na deni kubwa kuliko mtoto wa nyumba yenye uwezo, licha ya kuwa serikali imemlipia karo zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Ni kweli kwamba familia ya huyo wa pili itakuwa imetoa mfukoni shilingi 240,000 katika miaka hiyo minne, ilhali ya kwanza imetoa 30,000. Lakini mchango wa mzazi ni fedha iliyokwisha kutoka, hali mkopo ni mzigo unaomngoja kijana mwenyewe. Mgeuko huu hautokei katika kozi ghali. Katika udaktari, ambako gharama ya mwaka hupita shilingi 400,000, asilimia ya mkopo wa karo huwa na uzito kuliko bumu, na mwenye uwezo ndiye anayedaiwa zaidi. Katika kozi nafuu kama sosholojia, sehemu zaidi ya tatu katika tano za deni la mwanafunzi maskini ni wali, kodi ya chumba na nauli.

Matokeo ya jambo hilo hayajatiliwa maanani vya kutosha. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kupunguza karo za vyuo vikuu vya umma kwa viwango vya kati ya asilimia 15 na 40, na tangazo hilo lilipokewa kwa shangwe ya haki. Hata hivyo, karo ya mfano uliotolewa hapo juu ikishushwa kwa sehemu moja ya tano, deni la mwanafunzi wa fungu la kwanza hushuka kutoka 390,000 hadi 360,000 tu. Mahali anapoishi mwanafunzi huweza kumpunguzia au kumwongezea zaidi ya hapo. Kijana wa Ukunda au Msambweni anayekwenda Nairobi hupanga chumba cha jiji na hununua kila kipande cha chakula, wakati anayesoma katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vyote viwili vilivyopata hadhi kamili mwaka 2013, huweza kurudi nyumbani mwisho wa juma akabeba mchele na nazi, au akakaa kwa shangazi wa Likoni. Hadhi ya jina la chuo ina thamani yake, na si sahihi kuidharau, lakini ni thamani ambayo kwa mwanasosholojia haijawahi kuandikwa kwenye hati ya mshahara.

Upande wa pili wa mizani ni kipato. Ichukuliwe kwamba mhitimu amepata kazi ya kudumu yenye mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi, kiwango ambacho si ndoto kwa afisa wa maendeleo ya jamii anayeanza katika utumishi wa umma. Kutoka humo hukatwa 2,400 za hazina ya malipo ya uzeeni, 1,100 za bima ya afya ya jamii ambayo tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75, 600 za ada ya nyumba, na kodi ya mapato ya takribani 3,150, na mkononi husalia kama 32,750. Deni la 390,000 kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ndiyo riba ya HELB, likigawanywa kwa miaka minane huzaa malipo ya takribani 4,750 kwa mwezi, sawa na moja ya saba ya fedha inayofika nyumbani. Mfanyakazi huyo atabaki na shilingi elfu 28 za kuishi Ukunda, kusaidia wazazi na kulipia wadogo zake, maisha ambayo si ya anasa, ila yanaishika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo humlinda, kwa kuwa hairuhusu makato yote kwa jumla yazidi theluthi mbili za mshahara. Kwa huyu, basi, mizani imesimama, na anayemwambia kuwa sosholojia imempoteza anamwonea.

Wanauchumi wana jina kwa njia hii ya kupima. Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu rasilimali watu, alimchukulia msomi kama mwekezaji ambaye hugharimia masomo leo ili avune mshahara mkubwa kesho, na katika gharama hizo aliingiza si karo pekee bali pia ujira ambao mwanafunzi angeupata kama angefanya kazi badala ya kusoma. Kwa Diani ujira huo si sifuri. Miaka minne ya kuendesha tuktuk, kuhudumu hotelini au kusafirisha wageni ufuoni ni miaka yenye pesa, japo pesa za msimu, na kijana aliyesomea upishi kwa muda mfupi huweza kuwa ameshika jiko la hoteli kabla mwenzake hajavaa joho. Baadaye, mwaka 1973, Michael Spence alitoa hoja tofauti: kwamba shahada mara nyingine humfaa mwajiri kama ishara tu ya kuwa mwenye nayo ana bidii na akili, bila kujali alichokisoma. Ronald Dore, mwanasosholojia wa Uingereza aliyeandika mwaka 1976 juu ya maradhi ya kufukuzia vyeti, na ambaye aliichukua Kenya kuwa mmojawapo wa mifano yake, alionya kuwa nchi inayochelewa kujenga viwanda huelekea kugawa nafasi chache za mshahara kwa kutumia vyeti, na kila vyeti vinapoongezeka ndivyo ngazi ya kuingilia inavyopandishwa, hata kazi iliyokuwa ya mwenye kidato cha nne ikadai shahada. Yeyote aliyesoma matangazo ya kazi katika Kaunti ya Kwale tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 atamwelewa Dore bila kuhitaji mkalimani.

Hata hivyo nadharia za soko kwa ujumla hazitoshi, kwa sababu mhitimu haajiriwi na soko kwa ujumla. Huajiriwa mahali fulani, na pwani ya kusini ina soko lake la wanasosholojia, dogo na la aina yake, ambalo katika majira mafupi lilipigwa mara mbili. Kampuni ya Base Titanium, iliyoanza kusafirisha madini kupitia Likoni mwezi Februari 2014, ilichimba katika ardhi ambayo wakaazi wa Maumba na Nguluku walilazimika kuhamishwa, na uchimbaji wa namna hiyo hauendi bila watu wa kuhesabu kaya, kusikiliza malalamiko, kuandaa fidia, kuketi na wazee na kuandika ripoti, ambayo ndiyo kazi hasa ya maafisa wa uhusiano wa jamii. Kampuni hiyo ilitoa pia ufadhili wa masomo kwa vijana wa eneo hilo. Madini yalikwisha, na uchimbaji ukafungwa mwezi Desemba 2024. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Januari 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mashirika yasiyo ya kiserikali yamekuwa kwa miaka mingi mwajiri mkuu wa wahitimu wa taaluma za jamii katika pwani, katika miradi ya afya, ya haki za watoto, na ile ya kuwazuia vijana wasiingizwe katika makundi yenye msimamo mkali, mambo ambayo Kwale iliyaandalia mpango wake wa kaunti mwaka 2017. Mradi unaoishi kwa fedha ya nje hauhitaji kufeli ili ufungwe. Unahitaji tu uchaguzi wa nchi nyingine.

Yapo pia yaliyobaki, nayo si haba. Bwawa la Mwache, upande wa Kinango, linajengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, ambayo kwa mfumo wake wa mazingira na jamii ulioanza kutumika mwaka 2018 humtaka mkopaji aonyeshe jinsi watu watakaoathirika watakavyoshirikishwa na kulipwa. Ukanda maalumu wa kiuchumi wa Dongo Kundu nao una masuala ya ardhi na fidia yasiyokwisha leo wala kesho. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hudai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kuanza, na tathmini isiyoeleza wakaazi ni akina nani, wanaishi vipi na nani kati yao hasikiki, ni nusu ya tathmini. Huko Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na fedha zake huamuliwa na wanakijiji wenyewe kwenda kwenye maji na shule. Mafanikio yake yamewavutia wengine hadi Vanga, na kila mradi wa namna hiyo husimama au huanguka kwa kujua nani katika kijiji ana sauti juu ya mikoko ya nani. Mhitimu wa sosholojia anayejua kusanifu dodoso, kutumia programu za takwimu, kusoma ramani na kuongea Kidigo au Kiduruma na wazee bila mkalimani ana kitu ambacho mtaalamu aliyeletwa kutoka Nairobi hana, na inashangaza jinsi vyuo vinavyomfundisha nadharia za mwanasosholojia Durkheim kwa mihula mitatu na dodoso kwa juma moja.

Tatizo ni kwamba karibu kazi zote hizi ni za mkataba wa miezi mitatu, sita au kumi na miwili. Mwenye mkataba wa ushauri hulipwa baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, hana likizo wala bima, na jina lake haliingii katika orodha ya mishahara ambayo mwajiri huitumia kukata na kupeleka fedha HELB. Hana budi kuzipeleka mwenyewe. Anaweza kulipwa elfu 70 kwa mwezi kwa miezi minne, kisha akakaa miezi minane bila kitu, na wastani wake wa mwaka ukawa kama elfu 23 kwa mwezi. Nafasi nyingi za namna hii hazitangazwi. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1973 kwamba watu hupata kazi zaidi kupitia wale wanaowafahamu kwa mbali kuliko kupitia ndugu na marafiki wa karibu, kwa kuwa ndugu hujua yaleyale ambayo mtu anayajua tayari. Mtoto wa mvuvi au mgema wa Kona ya Musa ana ndugu wengi na wanaomfaa, ila wale wa kufahamiana nao kwa mbali, walioketi katika ofisi za Nairobi na Mombasa, ndio alionao wachache.

Hapo ndipo kalenda ya deni inapomkuta. Sheria ya HELB humtaka mkopaji aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na haimuulizi kwanza kama ameajiriwa. Asipolipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi, na jina lake huweza kupelekwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo, ambayo ni ofisi zinazohifadhi rekodi za wadaiwa kwa matumizi ya benki na wakopeshaji wengine. Katika mfano wa deni la 390,000 malipo ya mwezi ni 4,750. Faini ya kushindwa kuyalipa ni kubwa kuliko malipo yenyewe. Mhitimu aliyekosa miezi minane ya ukame kati ya miradi miwili hujikuta ameongezewa 40,000, fedha ambazo zinazidi mkopo wa karo wa mwaka mzima. Bodi imewahi kutangaza misamaha ya sehemu kubwa ya faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo, jambo la huruma ambalo kwa bahati mbaya humfaa mwenye mkupuo. Wadhamini nao wapo. Fomu ya mkopo huwataka watu wawili watie sahihi kwamba wataulizwa mkopaji asipoonekana, na wadhamini wa pwani ya kusini mara nyingi ni mjomba mwenye shamba la minazi lisilo na hati miliki, au mwalimu mstaafu ambaye amekwisha kuwadhamini watoto wa mtaa mzima.

Katika kaunti yenye Waislamu wengi kuna jambo jingine ambalo vitabu vya uchumi havilitaji. Asilimia 4 ni riba nafuu kwa kipimo cha benki, lakini kwa familia inayoamini kuwa riba ni haramu, nafuu yake haibadilishi hukumu yake, na wapo vijana ambao huacha mkopo na kutegemea basari, harambee na mali ya ukoo iliyouzwa. Wanazuoni wengine huruhusu kwa hoja ya dharura. Wengine hushikilia karadha hasana, ambayo ni mkopo unaorudishwa kama ulivyotolewa bila nyongeza. Anayeona kuwa mjadala huu ni wa kando katika hesabu ya deni na kipato hajazingatia kwamba kipande cha ardhi kikishauzwa Diani ili kulipa karo, gharama ya shahada hiyo haitakaa ionekane katika rekodi za Bodi yoyote.

Nchi nyingine zimejaribu kufunga deni kwenye kipato badala ya kalenda. Nchini Uingereza, kwa wanafunzi walioanza masomo kuanzia mwaka 2023, mhitimu hulipa asilimia 9 ya kile kinachozidi mapato ya pauni 25,000 kwa mwaka, asipofikia hapo halipi kitu, na kinachobaki baada ya miaka 40 hufutwa. Nchini Tanzania, ambako Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa ikiwavimbishia wadaiwa madeni yao. Kanuni ya Tanzania ikiwekwa juu ya mshahara wa 40,000 wa mfano wa Kenya, makato ni 6,000, mazito kuliko 4,750, lakini deni huisha kwa takribani miaka sita, na mwezi usio na mshahara hauna cha kukatwa. Kanuni ya aina ya Uingereza, ikichukuliwa kwa mfano kuwa asilimia 10 ya kinachozidi shilingi 24,000, ingemtoza mtu huyohuyo 1,600 tu. Hapo lazima ukweli usemwe: riba pekee ya deni la 390,000 ni 1,300 kwa mwezi, kwa hiyo mhitimu angekaa miaka mingi akilipa riba na kuligusa deni kwa ncha ya kidole, na Bodi, ambayo hukopesha wanafunzi wapya kwa sehemu fulani kutokana na marejesho ya waliotangulia, ingepungukiwa na fedha za kumpa mwombaji wa mwaka unaofuata kutoka kijiji hichohicho. Upole kwa mdaiwa unalipwa na mtu, na asipokuwa Hazina ya Taifa atakuwa mdogo wake mdaiwa huyo.

Pendekezo lililo karibu zaidi na uwezo wa pwani ya kusini ni dogo kuliko kuvunja sheria nzima. Miezi isiyo na kipato isimamishiwe faini kwa mkopaji anayejiandikisha na kuthibitisha hali yake, riba ikiendelea kuhesabiwa ili Bodi isipoteze thamani. Na basari za kaunti, ambazo Kwale imezitoa kwa miaka mingi kupitia mpango wa Elimu ni Sasa, zielekezwe kwa wanafunzi wa kozi nafuu katika gharama za kujikimu, ambako deni huzaliwa, badala ya karo, ambako ufadhili wa taifa umekwisha kuingia. Njia hiyo ina kikwazo chake, kwani elimu ya chuo kikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa chini ya Katiba, na mwezi Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali hiyo kabla ya kutoa basari, agizo lililofikishwa mahakamani mara moja. Makubaliano kama hayo yakiandikwa vizuri, yanaweza kutaja bumu kwa jina. Mwanafunzi wa fungu la kwanza akilipiwa na kaunti 30,000 za kujikimu kila mwaka na kukopa nusu tu ya bumu lake, deni lake hushuka kutoka 390,000 hadi 270,000, na malipo ya mwezi kutoka 4,750 hadi kama 3,290.